Friji la mama wa supu na sarafu moja ya Afrika Mashariki

Wiki iliyopita tulikuwa kijiweni kwenye kahawa, hapa Mbagala Kizuiani, mada ikaangukia kwenye sarafu moja ya Afrika Mashariki. Kaka mmoja ambaye kazi yake ni kupeleka mzigo Kongo na Burundi kutoka Kariakoo akawa anaongea kwa hisia kweli, anasema kila safari anapoteza hela kubadilisha shilingi kuwa dola, dola kuwa faranga, halafu kurudi nayo tena hukuhuku, na kwamba siku hela ikiwa moja kuanzia Dar mpaka Kinshasa mtu kama yeye atapumua. Nilimwelewa na ana haki kabisa. Nikamuuliza kitu kimoja tu, nikamwambia kaka, siku nchi moja kati ya hizo ikishindwa kulipa madeni yake, atanyang'anywa friji nani? Watu wakanitolea macho, maana habari ya friji hawaijui, na pale kijiweni nisingeweza kuielezea ikaisha. Ndo naielezea hapa.

Mimi ni katibu wa kikoba chetu, huu mwaka wa sita. Tuko watu ishirini na nane, tunakutana kila Jumapili saa kumi jioni, tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu na kila ufunguo anakaa nao mtu wake, halifunguliwi mpaka washika funguo wote watatu wawepo. Tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa, na mwanachama anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake akiwa na wadhamini wawili. Sasa mwaka juzi sanduku lilijaa, watu hawakopi, na wote tunajua hela ikilala haizai, na isipozaa mgao wa Desemba unakuwa mwembamba, basi tukaanza kubembelezana jamani kopeni, kopeni, mbona mnaogopa. Kuna mama anauza supu karibu na stendi, mama mwaminifu sana, hakuwa na mpango wowote wa mkopo mkubwa. Mimi mwenyewe ndo nilimwambia mama chukua hata milioni mbili, ongeza meza, nunua friji uwe unanunua nyama kwa jumla. Akachukua, na alirejesha vizuri tu miezi kadhaa bila kukosa hata Jumapili moja, mpaka mume wake alipopata kiharusi.

Jumapili ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, faini zikaanza kuhesabiwa. Tukakaa kikao. Kwenye kikao kilekile tukapitisha mambo mawili, la kwanza tukampa laki moja kutoka mfuko wa jamii ya kumuuguza mgonjwa, la pili tukakubaliana tukachukue friji kwa sababu katiba inasema dhamana inachukuliwa baada ya wiki tatu. Mimi nilinyosha mkono. Tulipofika kwake alikuwa anatwanga vitunguu saumu, hakugombana na mtu, aliniangalia akasema, "Mwanangu, sasa nyama ya kesho nitaiweka wapi?"

Sikuwa na cha kumjibu. Friji alilinunua laki sita, sisi tukaliuza laki mbili na nusu. Baada ya hapo akawa ananunua nyama kidogokidogo kila asubuhi kwa bei ya rejareja, saa mbili supu imeisha na wateja wanaondoka, kwa hiyo ule uwezo wa kurejesha ambao ulikuwa umeshapungua tukawa tumeumaliza kwa mikono yetu wenyewe. Deni lake leo ni kubwa kuliko siku tuliyobeba friji, kwa sababu ya faini.

Kipindi kile ndo nikarudia kusoma habari za Ugiriki, ambazo nilizisikia tu redioni miaka ile, wazee wamekaa chini nje ya benki wanalia. Nikasoma sana, usiku na usiku, na kila nilipofika nilikuwa namuona mama wa supu.

Ugiriki iliingia kwenye yuro, ile sarafu moja ya nchi nyingi za Ulaya, mwaka 2001. Kabla ya hapo walikuwa na hela yao, drakma, na serikali ikitaka kukopa ilipigwa riba kubwa kwa sababu wakopeshaji walijua drakma inaweza kuporomoka hela zao zikarudi zimenyauka. Walipoingia tu kwenye yuro hofu ile ikaondoka, wakawa wanakopeshwa kwa riba iliyokaribiana kabisa na ya Ujerumani, kana kwamba Athens na Berlin ni mfuko mmoja. Haikuwa mfuko mmoja. Hela ilikuwa moja, lakini kila serikali ilikuwa na bajeti yake, kodi zake na madeni yake. Mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yalikuwa na hela nyingi inatafuta pa kwenda, yakanunua hatifungani za Ugiriki, yaani hati za kuikopesha serikali, bila kuuliza maswali mengi, na serikali za Ugiriki moja baada ya nyingine zikakopa. Sanduku lilikuwa limejaa, ndugu zangu, na mtu anaambiwa kopa.

Halafu Oktoba 2009 ikaingia serikali mpya ya George Papandreou, wakafungua vitabu wakakuta nakisi ya bajeti ya mwaka ule, yaani matumizi yaliyozidi mapato, siyo asilimia 3 na pointi ya pato la taifa kama ilivyokuwa inasemwa, ni zaidi ya 12, na hesabu zilizokuja kurekebishwa baadaye zikaonyesha inapita hata 15. Wakati masharti ya umoja wao yanasema nakisi isizidi asilimia 3 na deni lisizidi asilimia 60, wao deni lilishafika kama 127. Hapo siwatetei hata kidogo. Kuficha hesabu ni kuficha hesabu, na wananchi wa kawaida wa Ugiriki ndo walidanganywa wa kwanza.

Sasa nchi yenye hela yake ikibanwa hivyo inafanya nini? Hii sisi Watanzania tunaijua mwilini, hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 1979 Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye waziri wa fedha, alijiuzulu uwaziri baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja ya jambo kubwa pale lilikuwa kushusha thamani ya shilingi. Tukakomaa miaka mingine ya foleni za sukari na sabuni mpaka 1986, chini ya mzee Mwinyi, ndo tukakubaliana nao na shilingi ikashushwa sana. Juzijuzi tena, uhaba wa dola ule, dola ilikuwa kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ikaja kupita 2,700 mwaka 2024. Iliuma, kila aliyeagiza simu, dawa au vipuri aliuma meno. Lakini ukitazama vizuri maumivu yale yaligawanyika, kila mmoja kidogo kwenye bei, na upande wa pili mkulima wa korosho na mwenye hoteli Zanzibar wakapata shilingi nyingi zaidi kwa dola ileile. Shilingi ilibonyea ili nchi isivunjike, kama springi za daladala kwenye barabara mbovu. Sisemi kushusha thamani ni raha, mshahara wako unaliwa bila wewe kusaini popote, na nchi inayofanya hivyo kila siku inawafukarisha watu wake. Ninachosema ni kwamba springi ipo.

Ukiwa ndani ya sarafu ya pamoja springi hiyo huna. Ugiriki haikuweza kushusha thamani ya yuro, maana yuro ni ya Wajerumani na Wafini na wengine wote, na Benki Kuu yenyewe iko Frankfurt. Kwa hiyo kinachobaki ni kukata kwa kisu, mishahara, pensheni, ajira, hospitali. Wachumi wana jina lake zuri, wanaita kushusha thamani kwa ndani, ila kwa mtu wa kawaida maana yake ni kwamba badala ya hela kushuka, unashuka wewe.

Na walishuka kweli. Februari 2012 kima cha chini cha mshahara kikakatwa asilimia 22, kutoka yuro 751 kwa mwezi mpaka 586, na kwa vijana chini ya miaka 25 kikakatwa asilimia 32. Pensheni zikakatwa si mara moja wala mbili. Kodi ya nyumba ikawekwa kwenye bili ya umeme mwaka 2011, usipolipa unaweza kukatiwa umeme, na hapo nilisimama kidogo kwa sababu na sisi tangu Agosti 2021 kodi ya jengo tunakatwa kwenye luku, na kila mpangaji wa Dar anajua ile hela kwa vitendo anailipa nani. Yetu ni ndogo. Yao ilimkuta mtu ambaye mshahara umeshakatwa. Juni 2013 serikali ikafunga hata shirika la utangazaji la taifa ndani ya siku moja. Mwaka huohuo watu wasio na kazi wakapita asilimia 27, na kwa vijana wakakaribia 60, yaani kati ya vijana kumi wanaotafuta kazi karibu sita hawana. Uchumi wote ulipungua kama robo hivi ukilinganisha na kabla ya balaa. Robo! Nchi haina vita.

Na deni? Baada ya kukata kote kule, deni ambalo lilikuwa asilimia 127 ya pato mwaka 2009 lilifika karibu 180 mwaka 2014. Kwa sababu pato lenyewe liliporomoka, na deni ukiligawa kwa pato linalopungua linazidi kuonekana kubwa hata kama hukukopa senti. Nyama hakuna pa kuiweka, supu inapungua, faini inapanda.

Hapa sasa ndo pananiuma kuliko pote. Mei 2010 nchi za yuro pamoja na IMF zilitoa mkopo wa kwanza wa yuro bilioni 110. Kwenye magazeti ikaandikwa Ugiriki imeokolewa, na mlipa kodi wa Ujerumani akaambiwa hela yake imeenda kwa Wagiriki wavivu. Ukifuata hela zenyewe, sehemu kubwa ya mikopo ile iliingia Athens ikatoka papo hapo kwenda kulipa wale walioikopesha zamani, yakiwemo yale mabenki ya nje. Yaani aliyekopesha hovyo alipewa nafasi ya kutoka mlangoni na hela yake, na deni likahamia kwa walipa kodi. Ilipofika Machi 2012 ndo wenye hatifungani binafsi wakalazimika kukubali kupunguziwa, zaidi ya nusu ya kile walichokuwa wanadai kwa thamani ya kwenye karatasi, jumla ya hatifungani zenyewe zikiwa kama bilioni 200. Lakini kufikia siku hiyo wajanja wengi walishatoka, na kati ya waliobaki kuungua walikuwepo mabenki ya Ugiriki yenyewe na mifuko ya pensheni ya Wagiriki. Mwaka 2013 IMF wenyewe walitoa ripoti wakakiri kwamba kulikuwa na makosa makubwa, kwamba makali ya kubana matumizi yaliumiza uchumi kuliko walivyokadiria, na kwamba deni lingepunguzwa mapema ingekuwa bora. Walikiri baada ya miaka mitatu. Mtu aliyefukuzwa kazi 2010 kukiri kwao hakumrudishii kitu.

Na mimi nimekiri nini? Kwenye daftari la kikoba hakuna mahali palipoandikwa kwamba katibu ndiye aliyembembeleza yule mama akope. Limeandikwa jina lake tu.

Watu wengine watasema Ugiriki walikuwa wazembe, walistahili. Sawa, basi tazama Ireland. Wale bajeti yao ilikuwa safi, mwaka 2007 deni lao lilikuwa kama asilimia 25 tu ya pato la taifa, wanafunzi bora wa darasa. Shida yao ilikuwa mabenki binafsi yaliyokopesha kwenye nyumba na viwanja kama vichaa, na Septemba 2008 serikali ikasimama ikasema inadhamini madeni ya mabenki makubwa. Ikaishia kumwaga kama yuro bilioni 64 mle, na Novemba 2010 ikabidi nayo iombe msaada wa bilioni 85. Deni likapanda mpaka kama asilimia 120. Ureno wakafuata Mei 2011, bilioni 78. Kwa hiyo wazembe na wasio wazembe wote waliingia kwenye shimo lilelile, na ukiona hivyo ujue shida siyo tabia ya mtu mmoja, shida iko kwenye nyumba ilivyojengwa.

Nyumba ilijengwa na milango ya kuingilia tu. Mkataba wao ulikuwa na masharti ya kuingia, asilimia 3, asilimia 60, na kifungu kinachosema nchi moja haitabeba madeni ya nyingine, halafu basi. Hakuna aliyeandika kwamba siku ikitokea tutafanya hivi na hivi. Siku ilipotokea wakawa wanatunga usiku wa manane, mfuko wa muda mwaka 2010, halafu wa kudumu Oktoba 2012 wenye uwezo wa kukopesha bilioni 500, na kila mara wakichelewa miezi, na kila mwezi waliochelewa riba ya soko inapanda na mtu mwingine anafukuzwa kazi.

Kuna siku moja nataka muikumbuke, tarehe 26 Julai 2012. Hispania na Italia nazo zilikuwa zinaanza kupigwa riba za kutisha, watu wanasema yuro inakufa. Mario Draghi, mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, akiwa London akasema benki yake, ndani ya mamlaka iliyopewa, itafanya lolote litakalohitajika kuilinda yuro, akaongeza mniamini, itatosha. Septemba wakatangaza mpango wa kununua hatifungani za nchi zilizobanwa bila kuweka kikomo cha kiasi. Riba zikashuka. Na mpango wenyewe haujawahi kutumika hata mara moja, neno lilitosha, kwa sababu mwenye kuchapisha hela akisema niko nyuma yenu, anayetaka kukimbia anakaa. Niliposoma hilo nilifurahi halafu nikakasirika. Kama neno lilitosha, kwa nini halikusemwa 2010? Najua sababu, siasa za Ujerumani, hofu ya kumdekeza mkopaji, hoja zina uzito wake. Bado nauliza.

Saiprasi nao Machi 2013 waliona kingine kabisa. Mpango wa kwanza ulitaka kukata hela za kila mwenye akaunti benki, hata mwenye akiba ndogo, asilimia 6.75 kwa walio chini ya yuro laki moja, wabunge wakaukataa. Wa pili ukawagusa wenye zaidi ya laki moja, na uliwagusa kweli. Mabenki yalifungwa karibu wiki mbili, yalipofunguliwa mtu anatoa yuro 300 kwa siku. Ina maana yuro iliyo benki Nicosia haikuwa sawa tena na yuro iliyo benki Berlin, ingawa noti ni ileile.

Ugiriki wakafikia hapohapo Juni 2015, yuro sitini kwa siku kwenye mashine. Serikali ya Alexis Tsipras iliitisha kura ya maoni tarehe 5 Julai kama wakubali masharti mapya, na zaidi ya asilimia 61 wakasema hapana. Wiki moja baadaye, asubuhi ya tarehe 13, baada ya kikao cha usiku kucha Brussels, Tsipras akakubali masharti ambayo watu wengi waliona ni magumu kuliko yale yaliyokataliwa. Wengine wanamwita msaliti. Mimi naona alibanwa koo, benki zake zilikuwa zinapumua kwa hela ya Frankfurt, na Frankfurt ilikuwa imegoma kuongeza. Watu walipiga kura halali, kwa amani, na kura ikashindwa na mashine ya kutolea hela. Ukiwa huna hela yako, kura yako ina mpaka.

Na msidhani hii ni ya Wazungu peke yao. Nchi za Afrika Magharibi na Kati zinazotumia faranga ya CFA zilikaa na bei moja dhidi ya faranga ya Ufaransa tangu 1948. Miaka ya 80 kakao na kahawa zikaanguka bei, serikali zikakwama, na wao badala ya kushusha hela walikata na kukata kwa miaka, kama Wagiriki. Halafu Januari 1994 viongozi wakakutana Dakar, wakatoka na uamuzi kwamba faranga 50 iliyokuwa inapata faranga moja ya Ufaransa sasa ziwe 100. Kwa usiku mmoja nusu ya thamani ikaondoka, kwa nchi zote, iliyokuwa na hali mbaya na iliyokuwa na nafuu, na dawa za kutoka nje zikapanda siku hiyohiyo. Springi yao ilikuwepo lakini ilikuwa imefungwa kamba, na kamba ilipokatwa gari lote liliruka.

Ndo narudi kwa kaka yangu wa mzigo wa Kongo. Itifaki ya umoja wa sarafu ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, mwanzoni tuliambiwa hela moja itakuja 2024, sasa inasemwa 2031. Masharti yake yanajulikana, mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi isizidi 3, deni lisizidi asilimia 50 ya pato, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi minne na nusu ya manunuzi ya nje. Ni masharti mazuri. Ila ni ya kuingilia mlangoni. Kila nikisikiliza mijadala, kwenye redio au kwenye makongamano ya Arusha, inaulizwa nani amefikia vigezo na nani bado, inaulizwa noti iitwe nini, makao ya benki yawe wapi. Sisikii mtu anagombana juu ya siku ya kushindwa.

Tujaribu kuifikiria kwa mfano wa karibu. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilifika kama 160 kwa dola, soko likihofia kama wataweza kulipa ile Eurobond, hatifungani waliyowauzia wakopeshaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Februari wakakopa upya wakanunua sehemu ya deni, shilingi yao ikarudi kwenye 130. Juni serikali ikaleta muswada wa kodi, vijana wakaingia barabarani, watu wakapoteza maisha, muswada ukaondolewa. Sasa weka kwenye picha hiyo hela moja. Je, thamani ya hela yetu ya Mbagala ingeshuka kwa sababu ya hati iliyosainiwa Nairobi? Tungewachangia? Na siku zamu ikiwa yetu, vijana wa Kampala wangekubali kodi zao zije kutuokoa, au wangesema Watanzania wazembe? Jamani mimi nawapenda Wakenya, dada yangu ameolewa Mombasa, lakini Wajerumani na Wagiriki nao walikuwa marafiki mpaka bili ilipofika mezani.

Tuliwahi kuwa na hela moja, wazee wanaikumbuka, shilingi ya Afrika Mashariki chini ya bodi ya sarafu, mpaka 1966 kila nchi ilipotoa ya kwake. Na tuliwahi kuwa na Jumuiya ikavunjika 1977, hesabu ya kugawana mali na madeni haikukamilika mpaka 1984. Wazee waliofanya kazi kwenye ile Jumuiya walidai mafao yao miaka na miaka, tuliwaona hapahapa Dar wamekusanyika na mabango, wengine hawawezi hata kusimama. Walikuwa reli, bandari, posta, walifanya kazi yao, waliovunja ni wengine. Kwa hiyo mtu asiniambie haya mambo ya kuvunjika ni ya kufikirika.

Sipingi sarafu moja. Ningependa nione siku mfanyabiashara wa Kariakoo haibiwi na viwango vya kubadilishia. Ninachotaka ni mfuko wa dharura uwe na hela kabla ya noti kuchapishwa, siyo baada. Nataka iandikwe mapema kwamba nchi ikizidiwa deni linapunguzwa haraka na aliyekopesha anabeba sehemu yake, na kwamba mabenki yasimamiwe na jicho moja ili nchi isije ikabebeshwa uchafu wa benki binafsi kama Ireland. Ulaya wenyewe wameanza kuelewa, mwaka 2020 kwenye korona walikubaliana kukopa pamoja mpaka bilioni 750 na sehemu kubwa ya hela ile wakaigawa kama ruzuku, Italia na Hispania wakapata nyingi. Kitu ambacho 2010 kilikuwa mwiko hata kukitamka. Iliwachukua miaka kumi na mateso ya watu wengi.

Jana nilipita kwa mama wa supu, nikamwamkia, akanipa kikombe na chapati akakataa hela yangu. Mzee wake sasa anakaa mwenyewe kitandani. Kaniuliza kikoba hawajambo, kwa upole tu, kama mtu asiye na kinyongo.

Jumapili nina ajenda moja. Faini zake zote zifutwe, deni libaki lile la msingi, tumpe mwaka mzima, na zile laki mbili na nusu za friji zitoke kwenye sanduku akanunue lingine hata kama ni mtumba. Na kwenye katiba kiingie kifungu kwamba kifaa anachofanyia kazi mwanachama hakichukuliwi. Mwenyekiti ameshaniambia tukianza hivyo kila mtu ataacha kulipa, na hoja yake siidharau, tutaijadili. Washika funguo nimeongea na wawili, wamekubali. Wa tatu yuko msibani Lindi, anarudi Jumamosi.